Chekechea si Mahali pa Kukaririshwa Kifaransa

Giteranyi nchini Burundi, kama ilivyo Muyinga mjini na Gitega, ina imani moja ambayo wazazi wachache huthubutu kuihoji: chekechea nzuri ni ile inayomrudisha mtoto nyumbani na Kifaransa mdomoni na daftari lililojaa mkobani. Mtoto wa miaka 3 akisimamishwa mbele ya wageni akahesabu un, deux, trois mpaka dix, baba huvimba kichwa na ada hulipwa hata kwa kukopa. Hebu mtoto huyohuyo aagizwe jikoni alete maharage manne. Mara nyingi atarudi na konzi nzima.

Imani hiyo ni potofu, na ushahidi hauhitaji kutafutwa Ulaya. Mwaka 2014, utafiti wa PASEC uliwapima wanafunzi wa nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa. Katika madarasa ya mwanzo ya shule ya msingi Burundi iliongoza, katika lugha na katika hesabu. Karibu watoto 8 kati ya 10 wa Burundi walifikia kiwango cha kutosha cha lugha. Kwa wastani wa nchi zote, zaidi ya asilimia 70 hawakukifikia. Kwenye orodha hiyo zilikuwamo Senegal, Cameroon na Côte d'Ivoire, nchi zenye uwezo mkubwa wa fedha kuliko Burundi. Lakini watoto wa Burundi walisoma na kupimwa kwa Kirundi, lugha waliyonyonya na maziwa ya mama, huku wenzao karibu wote wakipambana na Kifaransa. Lugha haiwezi kuwa sababu pekee, ila atakayeipuuza ana kazi ya kueleza matokeo hayo yalitoka wapi.

Ajabu ni kwamba faida hiyo, ambayo serikali inaitoa katika miaka ya kwanza ya msingi, ndiyo ambayo mzazi analipa pesa ili mwanawe aikose.

Hofu ya mzazi huyo inaeleweka. Kuanzia mwaka wa tano masomo yanageuka kuwa ya Kifaransa, na huko mbele kuna mitihani isiyo na huruma. Mfanyabiashara anayepita Kobero kuingia Tanzania anajua pia kwamba Kirundi peke yake hakimfikishi mbali; Kiswahili anakihitaji. Lakini mtoto mwenye maneno mengi ya Kirundi, anayeweza kusimulia jana kulitokea nini na kwa nini mbuzi wa jirani alifungwa, ana mahali pa kukitundika Kifaransa kikija. Aliyekaririshwa majina ya rangi kwa lugha asiyoisikia nyumbani hana pa kuyatundika, na likizo moja inatosha kuyafuta.

Halafu kuna daftari. Mzazi hulifungua jioni, akikuta kurasa tatu za herufi “a” anaridhika kwamba pesa yake imefanya kazi. Ila mifupa minane midogo ya kifundo cha mkono huwa bado gegedu mtoto anapozaliwa, na hukomaa polepole kwa miaka mingi. Mtoto wa miaka 3 mara nyingi bado huishika penseli kwa ngumi na kuichimbia karatasi mpaka itoboke. Vidole vyake vinataka udongo wa kufinyanga, mbegu za kuchambua, kete za bao la kibuguzo za kuhesabu na kugawa. Na haraka ya kusoma inamfaidi nani? Huko New Zealand, mtafiti Sebastian Suggate aliwalinganisha watoto walioanza kusoma wakiwa na miaka 5 na walioanza wakiwa na miaka 7. Walipokaribia miaka 11, tofauti ilikuwa imekwisha.

Mfano wa kuigwa uko karibu zaidi. Katika miaka ya 1980, viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan awasaidie watoto wao waliokuwa wakiachwa nyuma shuleni. Mwalimu Swafiya Said akaanza kazi ya chekechea za madrasa Mombasa: wanawake wa mtaa walifunzwa ualimu, kamati za wazazi zikasimamia shule, na vifaa vikatengenezwa kwa vifuu, makombe ya pwani na visoda. Mtoto alichagua mchezo wake, akaucheza, kisha akaeleza alichofanya. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Utafiti wa Peter Mwaura na wenzake, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba watoto waliosoma chekechea waliwapita waliobaki nyumbani, na wa madrasa hizo wakawapita hata wenzao wa chekechea nyingine. Muyinga, yenye Waislamu wengi na maharage tele, ingeshindwa nini?

Basi mzazi wa Giteranyi anayetafuta nafasi kabla ya Septemba asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aende siku ya masomo, akae mlangoni nusu saa. Asikilize nani anaongea zaidi, mwalimu au watoto, na kwa lugha gani mtoto anaomba kwenda chooni. Akiangalie na hicho choo chenyewe, na maji ya kunawa. Aulize kuna uji saa ngapi, na hadithi saa ngapi. Kibao cha Kifaransa getini kisimzuge. Na shule isiyotaka mzazi akae mlangoni, asiipe hata faranga moja.