NYUMBA YA KAZI HUONDOKA NA KAZI

Ndugu wanachama,

Habari ya nyumba za Kitengela sasa inasemwa katika karakana, katika stesheni na wakati wa chakula. Wengine wetu wanataka chama chetu cha akiba na mikopo kinunue shamba na kuligawa ploti, kila mtu na kipande chake. Wengine wanataka tujenge fleti za chumba kimoja cha kulala. Sisi twaona fleti ni bora, na sababu zetu ni hizi.

Kwanza, tusitegemee nyumba ya kazi. Watu wa reli twaijua habari ya Muthurwa, Nairobi. Landi zile zilijengwa kwa ajili ya watu wa reli, kisha zikawa mali ya mfuko wa pensheni. Mwaka 2010 wapangaji, wakiwamo wastaafu wa reli, waliambiwa wahame kwa siku 90. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikasema haki zao zimevunjwa. Hukumu walipata, lakini hati ya nyumba hawakuwa nayo. Mpangaji ni mpangaji hata akikaa miaka 30.

Pili, ploti si nyumba. Udongo wa Kitengela mahali pengi ni mweusi, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, na msingi wake hula fedha nyingi. Visima vingi vina maji ya chumvi. Mtu mmoja kwa mshahara wetu atashindwa njiani. Watu 40 wataweza, maana watalipa msingi mmoja, kisima kimoja na paa moja. Tena nchi ile ni malisho ya Wamasai, na wanyama wa mbuga ya Nairobi hupita huko. Nyua zimekwisha kuwa nyingi. Tukijenga kwenda juu tutachukua eka chache.

Wako wanaosema chumba kimoja ni kidogo kwa mtu mwenye watoto wanne. Ni kweli, na hatubishi. Lakini kijana anayeanza kazi kitamtosha, na mwenye jamaa nyumbani pia. Anayehitaji zaidi ataweza kukipangisha, kwa kuwa Kitengela ina soko, ina watu wengi, na matatu za barabara ya Namanga hazikomi.

Lakini ndugu zetu, haraka haraka haina baraka. Tusitoe hata shilingi moja kabla ya mambo haya:

1. Wajumbe wetu waende Kajiado wenyewe, watazame daftari la ardhi, waone jina la mwenye shamba na kama lina deni. Picha nzuri za dalali si hati.

2. Kama ni ardhi ya kilimo, ruhusa ya Bodi ya Ardhi ipatikane. Bila ruhusa hiyo mapatano ni bure mbele ya sheria.

3. Kila mwanachama apate hati ya fleti yake kwa jina lake. Sheria ya mwaka 2020 inaruhusu jambo hili, na wenye fleti huwa na shirika lao la kutunza ngazi, paa na maji.

4. Makato yasipite theluthi mbili za mshahara. Hiyo ni sheria ya kazi ya mwaka 2007. Tayari twakatwa asilimia 1.5 kwa nyumba za Serikali, na kukatwa si kupewa nyumba.

5. Hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi katika mkutano ujao msinyamaze. Fedha hizi ni jasho letu la usiku na mchana. Kamati ikijibu maswali haya matano, na tuanze. Isipojibu, akiba yetu ikae pale ilipo.

Ni sisi wenzenu wa reli.