Wanaotaka kuacha picha za ngono wapate pa kukimbilia

Kwamba picha za ngono zimo mifukoni mwa watu wa Musoma, Bunda na Butiama si habari tena. Zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram kwa jina la "koneksheni", zinajazwa kwenye memori kadi vibandani pamoja na singeli na filamu zilizotiwa maneno, na mtoto wa darasa la sita anajua zinakopatikana kabla mzazi wake hajajua kuweka namba ya siri kwenye simu. Jambo ambalo mkoa wa Mara haujalitazama ni jingine: wapo vijana na watu wazima waliokwisha kuzichoka, wanaoziacha na kuzirudia kimyakimya, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuacha kunakuwaje.

Dola imeshughulika zaidi na anayesambaza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtoza anayechapisha picha hizo faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba, au vyote viwili. Mwaka 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iliwataka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kufikia Oktoba 30. Mwaka 2025 mtandao wa X ulifungwa, na Serikali ikataja maudhui ya ngono yanayoruhusiwa humo. Hatupingi sheria kuwapo. Tunachosema ni kwamba kijana wa Kitaji, mjini Musoma, aliyezoea kutazama kila usiku kwa miaka minne hatibiwi kwa kufungiwa mtandao mmoja. Anahamia mwingine kabla ya asubuhi, na bando likiisha anarudi kwenye memori kadi.

Kuacha kuna hatua zake. Katika wiki za kwanza wengi husumbuliwa na hamu inayokuja kwa saa zile zile za mazoea, usingizi unakatika, hasira zinakuwa karibu, na huzuni inamshukia mtu bila kisa. Watumiaji wa heroini wanayo arosto yao, ambayo huuvunja mwili. Hali ya anayeacha picha haifiki huko, na mtu anaweza kuipitia huku anaendesha bodaboda yake stendi ya Bweri bila abiria kugundua lolote. Ndiyo maana inapuuzwa. Anayeipitia hana homa wala kidonda cha kuonyesha, na akinyamaza hakuna wa kumuuliza.

Hatari kubwa zaidi huja baadaye, na haisemwi hadharani. Baadhi ya wanaume huingia katika kipindi ambacho hamu ya tendo la ndoa inazima, kwa siku au hata wiki kadhaa. Wengi walioeleza hali hiyo wanasema ilipita yenyewe. Lakini asiyeambiwa mapema huamini kwamba nguvu za kiume zimekwisha. Huyo ana njia mbili, zote mbaya. Ya kwanza ni kujijaribu kwa picha zile zile alizoziacha, na hapo kazi yote ya wiki zilizopita inafutika kwa usiku mmoja. Ya pili ni kumfuata muuza vumbi la Kongo, unga unaodaiwa kurudisha nguvu hizo, au kununua vidonge vya kuongeza nguvu bila cheti cha daktari, vidonge ambavyo mtu anayetumia dawa fulani za moyo vinaweza kumuua kwa kushusha shinikizo la damu. Nyumbani nako mke anahesabu usiku na kuhitimisha kwamba kuna nyumba ndogo. Sentensi moja ya nesi, iliyosemwa kwa wakati, ingezuia yote haya.

Kuteleza nako kuna historia yake. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Marekani, Jesse Crosby na Michael Twohig, walichapisha matokeo ya tiba ya mazungumzo kwa wanaume 28 waliokuwa wakisumbuliwa na tatizo hili, kila mmoja akipewa vikao 12. Mwisho wa vikao, zaidi kidogo ya nusu walikuwa wameacha kabisa. Miezi mitatu baadaye, walioendelea kuacha kabisa walikuwa kama theluthi tu, ingawa wengi wa waliobaki walikuwa wamepunguza sana. Hao ni watu waliopata mtaalamu, chumba na ratiba. Kama wao waliteleza, ni dhuluma kumtarajia mvuvi au mwanafunzi asiye na yeyote anyooke tangu siku ya kwanza. Na ile hesabu ya siku 90 inayouzwa mitandaoni kana kwamba ubongo una tarehe ya kupona, haina ushahidi wa kutosha nyuma yake. Imewavunja moyo wengi siku ya 91.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 1, 2022, limeuweka mwenendo wa ngono usiozuilika miongoni mwa matatizo ya kushindwa kuzuia misukumo. Halikuuweka kundi moja na dawa za kulevya. Linataka tatizo liwe limedumu kwa miezi sita au zaidi na liwe limemtesa mtu sana au limeharibu kazi, familia au afya. Kisha likaongeza tahadhari ambayo viongozi wa dini wa Mara wanapaswa kuisoma mara mbili: mateso ya moyo yanayotokana tu na mtu kujihukumu kimaadili hayatoshi kumfanya mgonjwa.

Tunalisema hilo kwa heshima, kwa sababu hadi sasa dini ndiyo mlango ambao wengi wanaujua. Mkoa huu una majimbo mawili ya Katoliki, Musoma na Bunda, una Wamennonite, Wasabato, Waanglikana na misikiti yake, na wapo mapadri, wachungaji na masheikhe wanaokesha na vijana hawa. Mlango huo usifungwe. Lakini kijana anayesimamishwa mbele ya kusanyiko, akaapa, akashangiliwa, halafu akateleza wiki ya tatu, harudi tena. Anakimbia aibu, na akikimbia anaupoteza ushauri wote. Toba ni yake na Mungu wake. Ufuatiliaji wa wiki kwa wiki unahitaji mtu mmoja, faragha, na mdomo uliofungwa.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mijini havilijui. Tazama mwalo wowote wa Ziwa Victoria kati ya Majita na Kibara mwezi ukiwa mpevu. Dagaa hawafuati taa katika mwanga huo, hivyo mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, na wavuvi wako kambini siku kadhaa bila kazi. Betri ya sola iliyokuwa ikiwasha taa ziwani sasa inachaji simu. Watu wengi wamelala banda moja, familia ziko mbali, fedha ya mauzo ya juzi ipo na bando lipo. Kumwambia mvuvi "kaa mbali na vishawishi" ni kumwambia ahame kazi, maana simu inayowaka ni ya jirani, shubiri moja kutoka kichwani pake. Mwenzake wa machimbo ya Buhemba hana nafuu kubwa zaidi. Lakini siku hizo za hatari zinajulikana mwezi mzima kabla. Mshauri anayeijua kazi ya ziwa angepanga vikao vyake kwa kuufuata mwezi. Angejua pia kwamba mhitimu wa kidato cha nne, anayemaliza mtihani Novemba na kusubiri hadi Julai kuingia kidato cha tano, anapewa simu yake ya kwanza katika miezi ambayo hana la kufanya.

Gharama ya kuchelewa inawafikia wengi wasiohusika. Anailipa mke anayedaiwa kitandani mambo yaliyoigizwa kwa ujira na watu wasiojuana. Anailipa binti wa shule ambaye picha yake imeombwa, ikatumwa, ikasambaa hadi kijijini kwao. Na kijana aliyeanza kama mtazamaji, siku anapoisukuma picha ya mwanafunzi mwenzake kwenda grupu jingine, ameingia katika kosa la picha za ngono za watoto, ambalo sheria ile ile ya 2015 haina mzaha nalo. Jana alihitaji mshauri. Leo anahitaji wakili. Mkoa unaongoja hadi hapo umechagua kulijua tatizo kupitia polisi.

Nchi hii ilikwisha kulipitia jambo la namna hii. Methadone, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ilipoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, mtumiaji wa heroini alipata mlango wa hospitali mbali na ule wa kituo cha polisi. Kwa picha za ngono hakuna methadone, na haihitajiki. Kinachohitajika ni rahisi zaidi, na ndiyo sababu hatuoni udhuru wa kukikosa.

Tunautaka uongozi wa mkoa, kupitia hospitali zake, ikiwemo ile ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa, utenge saa maalumu za jioni katika huduma za afya ya akili, kwa mlango usioandikwa jina la tatizo, na utangaze saa hizo mialoni, machimboni na kwenye nyumba za ibada. Halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama ziwape maafisa ustawi wa jamii na walimu wa ushauri na unasihi mafunzo ya hatua tulizozieleza, hasa ile ya hamu kuzima, na ziwakutanishe na viongozi wa dini ili mtu anayetoka kanisani au msikitini apelekwe mahali panapojulikana. Wazazi wakumbushwe kwamba namba 116 hupokea bila malipo simu za watoto waliotumiwa au kuombwa picha. Wauza vumbi na vidonge waondolewe stendi na minadani.

Hakuna jengo jipya katika orodha hiyo, na sehemu yake kubwa inaweza kufanywa na watumishi waliokwisha kuajiriwa. Mabaraza ya madiwani yanapitisha bajeti kabla ya Julai mosi. Diwani atakayeinua mkono kuipitisha bila kifungu cha huduma hizi aeleze kwa wananchi wa kata yake wanaotaka kuacha waende wapi.