Wakati wa Kusoma Nao Udaiwe Kama Mshahara



Katika mikutano ya matawi twazungumza sana juu ya mishahara, marupurupu ya nyumba na malipo ya saa za ziada. Ni vyema, wala hatutaacha. Lakini liko jambo moja ambalo halijaandikwa katika mapatano yetu mengi, nalo ni wakati wa kusoma. Leo twataka kulisema wazi, kwa sababu sisi tunaoandika haya ni wafanyakazi, ni wazazi, tena ni wanafunzi wa chuo cha ufundi, na mizigo hii mitatu twaibeba kwa mgongo mmoja.

Tazameni siku yetu ilivyo. Saa kumi alfajiri tumekwisha amka. Uji hupikwa, sare hupigwa pasi, mtoto mdogo hupelekwa kwa jirani anayelipwa kwa siku. Kutoka Mukuru hadi lango la kiwanda twaenda kwa miguu, maana nauli ya asubuhi twaiweka kwa ajili ya usiku. Saa mbili kamili tuko kwenye mashine mpaka saa kumi na moja. Saa kumi na moja u nusu darasa laanza, na mwalimu hamngojei mtu aliyecheleweshwa na msimamizi wake. Saa mbili u nusu twatoka, na mvua ikinyesha, nauli ya matatu imekwisha panda. Tukifika nyumbani, mdogo amelala kwa jirani, na mkubwa anatungoja na daftari lake.

Hapo ndipo kazi ya tatu huanza. Mtaala wa siku hizi wa umilisi wamtaka mtoto alete shuleni kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Nasi chuoni twafundishwa kwa mtaala wa umilisi, twatakiwa tukusanye ushahidi wa kazi zetu katika faili, pamoja na picha zake. Simu ni moja. Mtoto aitaka kwa ajili ya mwalimu wake, nasi twaitaka kwa ajili ya mwalimu wetu. Meza nayo ni moja. Mara nyingi tumechora mchoro wa nyaya za umeme upande huu, na upande ule mtoto anabandika majani makavu kwa gundi, hata siku moja jani likabandikwa juu ya mchoro, tukaanza upya saa tano za usiku.

Basi na tufanye hesabu. Amri ya jumla ya mishahara yaruhusu saa za kazi kufika 52 kwa juma la siku sita. Jioni nne za darasa, saa tatu kila jioni, ni saa 12. Hizo ni saa 64, kabla hatujahesabu safari, kupika, kufua, wala mtoto kuugua. Mtu wa namna hiyo akisinzia darasani asiitwe mvivu. Usingizi wake ndio karo ya pili anayoilipa, na karo hiyo haina risiti.

Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, alibakisha mtihani mmoja tu amalize masomo ya ufundi wa umeme. Mitihani hufanywa mchana, naye juma lile alikuwa amepangiwa zamu ya usiku. Ghafula zamu zikabadilishwa, akawekwa mchana siku ile ile ya mtihani. Akapata mwenzake aliyekuwa tayari kubadilishana naye. Msimamizi akakataa, akasema kiwanda si shule. Yule mama akaenda kazini, kwa sababu kodi ya nyumba haingojei mtu. Mtihani ukampita, na karo ya muhula ikabidi ailipe tena, hakuweza. Mpaka leo anaendesha mashine ile ile, na ikiharibika husimama kando akimngoja fundi aitwaye kutoka nje, ingawa kasoro yenyewe yeye huiona kabla ya fundi kufungua sanduku la vyombo vyake.

Twauliza: ni nani aliyepata faida hapo? Mama hakupata. Watoto wake hawakupata. Hata mwenye kiwanda hakupata, kwani fundi wa nje humlipa kila mara.

Wengine watasema kwamba twataka upendeleo. Sivyo. Mwaka wa 1974 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilipitisha Mkataba Nambari 140 juu ya likizo ya masomo yenye malipo. Mkataba huo wasema likizo hiyo ni muda maalum katika saa za kazi, pamoja na malipo yanayotosha, kwa ajili ya mafunzo ya kazi, elimu ya jumla na ya uraia, na elimu ya vyama vya wafanyakazi. Wasema pia kwamba muda huo uhesabiwe kuwa ni utumishi, mtu asipoteze haki zake kwa sababu alikwenda kusoma. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka wa 1979. Na Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 2(6), yasema kwamba mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya.

Sasa fungueni Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007. Mtaona siku 21 za likizo ya mwaka. Mtaona miezi mitatu ya mama aliyejifungua, na majuma mawili ya baba. Likizo ya masomo hamtaiona. Ahadi imetolewa, lakini haijafika langoni mwa kiwanda. Kazi ya kuifikisha ni yetu.

Tena fedha ipo. Kila mwajiri hutozwa ushuru wa mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na fedha hiyo huenda kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani. Kiwanda chenye wafanyakazi 200 hulipa shilingi 10,000 kwa mwezi, yaani 120,000 kwa mwaka. Mwajiri akiwafundisha watu wake kwa mpango uliokubaliwa, aweza kudai arudishiwe gharama. Je, katika kiwanda chako ni nani hupelekwa kwenye mafunzo hayo? Ukiuliza, mara nyingi utaambiwa ni watu wa ofisini. Yule anayejilipia karo mwenyewe, akala mkate mkavu darasani, hakumbukwi.

Waajiri hujibu kwamba mfanyakazi akisha soma ataondoka. Wako watakaoondoka, hatukatai. Lakini mtu huondoka upesi zaidi mahali ambapo elimu yake hairuhusiwi kumwongezea hata senti moja. Wala hatuwaambii wafunge viwanda ili sisi twende shule. Mkataba wenyewe wasema jambo hili laweza kutekelezwa hatua kwa hatua, kwa kadiri ya hali ya nchi. Sisi twataka hatua ya kwanza ionekane.

Vyuo navyo vina deni. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha, na kumpa nafasi ya kufanya hivyo. Sheria hiyo yamtaja mwajiri. Mwanafunzi chuoni hana mwajiri. Basi mama mwenye mtoto wa miezi minne hukamua maziwa chooni kati ya somo na somo. Chumba kimoja chenye kiti, maji na mlango unaofungika hakiwezi kukishinda chuo. Na ile miezi mitatu ya kujifunza kazini, ambayo watu huiita atachimenti, humlazimisha mzazi kuchagua baina ya cheti na mshahara. Kwa nini asiifanye katika kiwanda chake mwenyewe, katika idara nyingine, chini ya fundi anayejulikana?

Hapa inafaa tujitazame na sisi. Katika nyumba zetu nyingi, baba akisoma watoto huambiwa wanyamaze. Mama akisoma huulizwa mbona ugali haujawekwa mezani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na mikutano ya chama huitwa saa kumi na mbili za jioni, saa ambayo mama ana sufuria motoni na mwanafunzi yuko darasani, kisha twashangaa kwamba hawaji, twasema hawana moyo wa umoja. Tukitaka mwajiri abadili zamu, na sisi tubadili saa.

Wazee wetu wa vyama waliujua umuhimu wa jambo hili. Tom Mboya, alipokuwa kiongozi wa wafanyakazi, alikwenda Ruskin College kule Oxford mwaka wa 1955, akasoma mpaka mwaka wa 1956. Mwaka wa 1958 shirikisho la vyama huru vya wafanyakazi ulimwenguni lilifungua chuo Kampala kwa ajili ya wafanyakazi wa Afrika. Hao waliosoma walipewa wakati wa kusoma. Hawakuiba saa usiku wa manane.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne yaingizwe katika mapatano yajayo kati ya chama na waajiri:

Kwanza, siku ya mtihani iwe siku ya malipo, mradi barua ya chuo iletwe mapema.

Pili, mfanyakazi anayesoma asibadilishiwe zamu katikati ya muhula bila ridhaa yake, na aruhusiwe kubadilishana na mwenzake aliye tayari.

Tatu, miezi ya kujifunza kazini aruhusiwe kuifanya katika kiwanda chake, bila kupoteza mshahara.

Nne, mwakilishi wa wafanyakazi aonyeshwe kila mwaka ni nani waliopelekwa kwenye mafunzo, na kwa fedha gani.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi lako, simama uulize wangapi humo ndani wanasoma, na wangapi waliacha kwa kukosa wakati. Majina yao yaandikwe, yapelekwe kwa katibu. Mwajiri akisikia mtu mmoja ataita hayo malalamiko. Akiona orodha ya tawi zima, itambidi akae mezani.

Nasi tukimaliza mkutano huo tutarudi nyumbani. Iko kazi ya mtoto ya kesho, na iko yetu.

Umoja ni nguvu.