Ziara za Masomo na Mtoto Mwenye Ulemavu: Nani Abaki Shuleni?

Katika vitabu vyetu vya mbinu za kufundishia, ziara ya masomo husifiwa kuliko njia nyingi nyingine. Mwanachuo hufundishwa kwamba mtoto aliyeuona mto huufahamu kuliko yule aliyesomewa habari zake, na kwamba zana bora ya kufundishia ni kitu chenyewe mahali pake. Hapana mwalimu atakayebisha. Lakini siku ya ziara ifikapo, darasa likijipanga mistari tayari kwa safari, aghalabu huwapo mtoto mmoja au wawili ambao hubaki. Mmoja hatembei, mwingine haoni, wa tatu huanguka kifafa. Mwalimu huwaambia kwa upole kwamba njia ni mbaya na jua ni kali, kisha huwapa kazi ya kulinda madaftari ya wenzao. Maoni yangu katika makala haya ni kwamba upole huo ni kosa la ufundishaji, na kwamba sisi walimu hatuna budi kulibeba wenyewe kabla ya kumlaumu mtu mwingine.

Nalisema jambo hili nikiwa mkosaji. Miaka mingi iliyopita nilifundisha Jiografia darasa la sita katika shule moja ya msingi karibu na Dar es Salaam. Darasani mlikuwamo mvulana aliyepooza miguu tangu utotoni, ambaye dada yake alimleta kila asubuhi kwa mkokoteni. Tulipokwenda kuutazama mto, mwendo wa nusu saa, nilimwacha. Baada ya wiki mbili nilitoa jaribio. Mvulana yule alizitaja sehemu za mto kwa ufasaha kuliko wote, neno kwa neno kama nilivyoziandika ubaoni. Lakini nilipowataka wanafunzi wachore ramani, mto wake ulianzia baharini ukapanda mlimani. Nilimpa sifuri kwa mchoro ule, na wenzake wakamcheka. Sikujiuliza mtoto ambaye hajapata kufikishwa ukingoni mwa mto angejuaje maji yanakwenda upande gani.

Mwezi wa Desemba mwaka ule mjomba wake alimpakia basi wakaenda Iringa kumsalimu bibi. Shule ilipofunguliwa, aliomba ruhusa awasimulie wenzake safari yake. Alipofika katika habari za Mto Ruaha Mkuu, ambao barabara huandamana nao kwa masafa marefu, alisema: "Mwalimu, sisi tulikuwa tunakwenda mbele, na maji yalikuwa yanarudi tulikotoka. Mjomba akaniambia, basi linapanda, maji yanashuka." Kisha akaliomba daftari lake la jaribio, akaugeuza mshale wa mto wake kwa kalamu mbele ya darasa zima. Mjomba yule hakuwa mwalimu. Alifanya kwa nauli ya basi kazi ambayo mimi, mwenye cheti cha ualimu, niliishindwa kwa mwendo wa nusu saa.

Safari ya kawaida ni somo

Wazazi wengi hudhani kwamba kumtembeza mtoto mwenye ulemavu ni anasa, au kwamba kunahitaji gari maalumu na fedha nyingi. Hebu tuichunguze safari hiyo moja. Baada ya Morogoro, barabara kuu iendayo Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilometa 50. Humo abiria aliyeketi dirishani huweza kuwaona swala, pundamilia, twiga, na pengine tembo. Kwa dakika hizo mtoto asiyetembea yu sawa kabisa na wenzake, kwa kuwa hapana abiria anayetembea. Kisha huja bonde la Ruaha na mibuyu yake. Huja Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vya kuuzwa. Huja mlima wa Kitonga na kona zake. Halafu Ilula penye nyanya. Mwisho Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari.

Je, mtoto asiyeona atafaidi nini katika safari hiyo? Atafaidi mengi, iwapo aliyeketi karibu naye atajua la kumwambia. Ataijua Ruaha Mbuyuni kwa harufu ya vitunguu na sauti za wachuuzi. Huko Kitonga atasikia dereva akipunguza gia na injini ikinguruma kwa uzito. Mwili wake utaegemea kulia, kisha kushoto, kwa kadiri ya kona. Masikio yake yataziba na kuzibuka. Akifungua dirisha huko juu atakutana na hewa ya baridi. Hapo ndipo mahali pa kumfundisha kwamba kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto la hewa hupungua kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi. Mwenzake mwenye macho ataisoma kanuni hiyo katika kitabu na pengine kuisahau. Yeye atakuwa ameipata kwa ngozi yake. Mwinuko wa nchi, ambao twadhani ni somo la macho, waweza kufundishwa bila macho.

Jambo hili si jipya. Comenius, mwanaelimu wa Moravia aliyeishi tangu 1592 hata 1670, alikwisha kusisitiza kwamba maarifa yapitie kwanza katika milango ya fahamu. Wala hakusema mlango mmoja. Helen Keller, Mmarekani aliyepoteza kuona na kusikia akiwa mtoto wa miezi 19, alilifahamu neno la kwanza mwaka 1887 nje ya nyumba, penye pampu ya maji, mwalimu wake Anne Sullivan alipomiminia maji mkono wake mmoja huku akimwandikia neno hilo katika mkono wa pili. Keller mwenyewe alieleza baadaye kwamba masomo yake ya jiografia aliyapata kwa kucheza kando ya mto Tennessee, akijenga mabwawa kwa vijiwe na kuchimba visiwa na maziwa. Mwalimu Sullivan angeweza kumfungia ndani kwa kumhurumia. Laiti angalifanya hivyo, ulimwengu usingalimjua mwanafunzi wake.

Mzazi ndiye mtaalamu wa kwanza

Tatizo letu kubwa ni kwamba twataka kumchukua mtoto bila kujua siku yake hupitaje. Mfano mmoja utatosha. Katika safari ndefu mabasi yetu husimama porini kwa dakika chache, abiria washuke kufanya kile wanachokiita kuchimba dawa. Mtoto asiyeweza kushuka wala kuchuchumaa hufanya nini? Wazazi wengi humnyima maji tangu usiku wa kuamkia safari. Mtoto hufika ana kiu na kichwa kinamuuma, na watu husema safari haimfai. Kumbe kilichokosekana ni ndoo yenye kifuniko, khanga mbili za kusitiri, na neno moja la mapema kwa dereva na kondakta.

Wako watoto wasio na hisia miguuni, ambao wakikaa saa nyingi bila kuinuliwa hupata vidonda wasivyovisikia. Wako wanaokunywa dawa kwa saa maalumu. Wako wanaoshtushwa na honi au makelele hata wakalia mchana kutwa. Mambo haya hayamo katika vitabu vyetu. Yamo kichwani mwa mama aliyelala na mtoto huyo kila usiku. Kwa hiyo, kabla ya ziara yoyote, yafaa mwalimu aende nyumbani, apige hodi, aketi, na baada ya salamu aulize: "Mama, nataka tumchukue mtoto wetu Jumamosi. Nifundishe namna ya kumtunza." Mzazi akisikia mwalimu akiomba kufundishwa, hofu yake hupungua. Na ikiwa alikuwa akimficha mtoto kwa kuona haya mbele ya majirani, ataona kwamba shule haioni haya.

Mambo ya kuzingatia katika andalio la ziara

Napenda kupendekeza mambo machache ambayo mwanachuo aweza kuyaandika katika andalio lake la somo:

(a) Achague mahali kwa kumfikiria kwanza mtoto ambaye safari itamwia ngumu kuliko wote. Mwalimu aipite njia yote mwenyewe siku chache kabla, ahesabu ngazi, mitaro na sehemu za mchanga ambamo kiti cha magurudumu kitazama. Njia ikimshinda mtoto huyo, itafutwe njia nyingine au mahali pengine penye somo lile lile.

(b) Mtoto asiyeona asisukumwe wala kuvutwa. Aushike mkono wa mwenzake juu kidogo ya kiwiko, atembee nusu hatua nyuma yake, na mwenzake amtangulizie habari za njia: shimo, mteremko, tawi. Afikapo aruhusiwe kugusa. Ukuta wa matumbawe katika magofu ya Kaole, huko Bagamoyo, hufahamika vizuri kwa viganja.

(c) Mbele ya mtoto kiziwi, mwalimu asieleze huku akionyesha kitu. Mtoto hawezi kuyatazama midomo au mikono ya mwalimu na kumtazama twiga kwa wakati mmoja. Kwanza maelezo, kisha kutazama, halafu maelezo tena. Utaratibu huu huwafaa hata wanaosikia.

(d) Mwenye ualbino avae kofia ya ukingo mpana na nguo za mikono mirefu, na kazi za juani zifanyike kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Kwa kuwa wengi wao wana uoni hafifu, asimame mbele.

(e) Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na maji wala mahali pa juu. Wenzake wafundishwe mapema kumlaza ubavu, kumwondolea vitu vya kumwumiza, na kutomtia kitu chochote kinywani.

(f) Mwenye ulemavu wa akili afanyiwe mazoezi ya safari siku kadha kabla, kwa picha au kwa maigizo, ili siku yenyewe isimjie ghafula.

(g) Kila mtoto apewe kazi halisi ya somo. Mtoto asiyetembea akipelekwa hata mtoni kisha akapewa mizigo ya kulinda, bado tumemwacha shuleni.

Majibu kwa wanaopinga

Pengine msomaji ataniambia: "Nina wanafunzi themanini; hayo yote nitayafanya lini?" Swali hili ni la haki, wala silidharau. Lakini darasa la wanafunzi themanini lina jozi themanini za mikono. Watoto wakigawanywa katika vikundi, kila kikundi kikijua wajibu wake kwa mwenzao, kazi ya mwalimu hubaki ya kusimamia. Wengine watasema hakuna fedha. Nakubali kwamba si kila shule itaweza kukodi basi. Hata hivyo shamba la shule, kisima cha kijiji, gulio, karakana ya seremala na kichuguu kilicho nyuma ya vyoo havitozi nauli. Atakayemzoesha mtoto kufika kisimani atakuwa amempa mzazi ujasiri wa kumpeleka kwa bibi yake.

Hoja ya hatari ni nzito zaidi. Mtoto akiumia, mwalimu ataulizwa. Ni kweli, ndiyo maana nimesisitiza ruhusa na ushauri wa mzazi, na kuipima njia mapema. Ziko siku ambazo mtoto fulani ni mgonjwa na hafai kusafiri, na mwalimu mwenye busara ataahirisha. Lakini tukumbuke kwamba kubaki nako kuna madhara yake, ingawa hayaandikwi katika kitabu cha taarifa za ajali. Mtoto aliyebakizwa kila mwaka katika shule ya msingi atakuwa amefundishwa somo moja kwa ukamilifu: kwamba dunia ni ya wengine.

Tena, jambo hili si hisani. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja katika Ibara ya 30 haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki sawa na wenzao katika michezo na burudani, hata zile za shuleni. Mwaka 2010 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitukanya katika Elimu ya Kujitegemea tusiwatenge wanafunzi na maisha ya jamii yao. Mtoto aachwaye nyuma ya lango la shule ametengwa mara mbili.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja kwa vyuo vyetu. Katika kila kipindi cha mazoezi ya kufundisha, mwanachuo aandae ziara moja ya karibu, ya kwenda kwa miguu, ambayo kila mtoto wa darasa lake atashiriki, na mkufunzi amtahini kwa hiyo kama amtahinivyo kwa somo la ubaoni. Swali la kwanza la mkufunzi liwe: nani amebaki, na kwa nini?

Mvulana yule wa mkokoteni sikupata nafasi ya kumpeleka mtoni; alihamia shule nyingine kabla sijajirekebisha. Ile sifuri niliyompa bado imo katika kitabu changu cha alama, nami huwaonyesha wanachuo wangu kila mwaka. Huwaambia kwamba alama ile ni yangu.