Ukiambiwa mbwa wako amekwama JKIA, usitume kwanza

Mjomba wangu wa Kitengela alinipigia simu saa tano usiku. Hakuanza na salamu. "Wewe si ndiye wa mambo ya pesa za simu? Kuna pesa nimetuma, nataka irudi." Nikamuuliza ametuma kwa nani. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Kwa mbwa."

Sikucheka, ingawa nilitaka. Alikuwa ameona tangazo mtandaoni la mtoto wa Boerboel, wale mbwa wakubwa wa ulinzi kutoka Afrika Kusini, tena kwa bei nzuri. Akalipa 25,000. Siku mbili baadaye akaambiwa kreti ya kawaida haifai, inatakiwa ya kudhibiti joto, 8,500. Kisha bima, 12,000, "unarudishiwa mbwa akifika." Kisha mbwa eti akatua Nairobi na kuwekwa karantini, 15,000, na kila siku ya kuchelewa ina faini. Jumla 60,500, zote kwa laini za watu binafsi, majina matatu tofauti. Na wakati ananipigia walikuwa wanadai nyingine.

Watu wakisikia hadithi kama hii husema ni tamaa. Mimi sikubali. Bei ya chini ndiyo ilimwingiza, sawa, lakini kilichomfanya aendelee kutuma ni huruma. Walimletea picha ya kambwa kadogo ndani ya kreti, na meseji kwamba hakajanywa maji tangu asubuhi. Binti yake alikuwa tayari amekapa jina. Tuseme ukweli, ni wangapi kati yetu tungesema "kakae huko huko"?

Sisi tunaotoa ushauri wa pesa za simu nasi tuna lawama yetu. Kila siku tunaimba usimpe mtu PIN yako. Mjomba hakumpa mtu PIN. Aliiweka mwenyewe, mara nne, akiwa macho, jina la mpokeaji likiwa mbele yake kwenye skrini. Kitu ambacho kingemwokoa ni kujua jinsi mbwa anavyopanda ndege kwa kweli, na hilo hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi tuanze na kibali. Mbwa haingii Kenya bila kibali cha kumwingiza kutoka Kurugenzi ya Huduma za Mifugo, wale wa Kabete. Kibali hicho huombwa na wewe unayeagiza, au wakala uliyempa kazi hiyo, na huombwa kabla mbwa hajaondoka huko aliko. Huko atokako naye lazima apate cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo anayetambuliwa na serikali, pamoja na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sasa fikiria: kama wewe hujaomba kibali chochote, na hujamtuma mtu akuombee, huyo mbwa aliyetua JKIA kwa jina lako alipitia wapi? Hapo tu mjomba angesimama, kabla ya shilingi ya kwanza.

Umri nao uangalie. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hudungwa mbwa akiwa na wiki 12, na kinga huhesabiwa kuanzia siku 21 baadaye. Muuzaji akikuambia kambwa ka wiki nane kana chanjo zote na kanasafiri Ijumaa, muulize vizuri.

Halafu kreti. Mashirika ya ndege hufuata kanuni za wanyama hai za IATA: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala bila kubanwa. Kreti isiyotimiza hayo hukataliwa pale kaunta ya kargo, ndege ikiwa bado chini. Kwa hivyo mtu hawezi kukupigia mbwa akiwa njiani akuambie kreti imeonekana ndogo. Na ile hadithi ya kreti ya kudhibiti joto ni ya kuchekesha, kwa sababu wanyama hai husafirishwa katika sehemu ya ndege yenye hewa na joto linalodhibitiwa tayari. Nauli yenyewe huhesabiwa kwa uzito halisi au kwa ukubwa wa kreti, kinachozidi. Kreti ya sentimita 70 kwa 50 kwa 50 ukiigawa kwa 6,000, kama wanavyofanya watu wa kargo, inakuwa kilo 29 hivi, hata kama aliye ndani ana kilo sita. Nauli ya namna hiyo hupigiwa hesabu mapema na kuandikwa. Haiji kwa vipande vipande kupitia meseji.

Kitu ninachokipenda zaidi ni namba ya hati ya mzigo, ile huitwa AWB. Ina tarakimu 11. Tatu za kwanza ni za shirika la ndege: Kenya Airways ni 706, KLM ni 074, Ethiopian ni 071. Zinazobaki ni nane, na ya mwisho ni ya ukaguzi: chukua saba za mbele yake, gawa kwa 7, baki ndiyo tarakimu ya nane. Kwa mfano 1234567 ukigawa kwa 7 inabaki 5, kwa hivyo 706-12345675 imepangwa sawa. Kupangwa sawa hakumaanishi mzigo upo, bado uitafute kwenye tovuti ya kargo ya shirika lenyewe, wala si ile waliyokutumia. Namba aliyopewa mjomba ilianza na herufi mbili. Hata kugawa haikuhitaji.

Na pesa zinaenda wapi? Malipo ya serikali ya Kenya hupitia eCitizen, Paybill 222222, yakiwa na namba ya ankara yako. Shirika la ndege lina akaunti ya kampuni. "Afisa wa karantini" mwenye laini yake binafsi ni mtu tu mwenye laini.

Usidhani ni Wakenya peke yetu. Desemba 2020, waendesha mashtaka wa Marekani huko Pennsylvania walimshtaki mwanafunzi raia wa Kameruni aliyekuwa akisoma Romania. Walidai kundi lake liliwauzia Wamarekani watoto wa mbwa wasiokuwepo, kisha likaomba pesa zaidi kwa madai kuwa mbwa amekaribiana na korona. Korona ya mbwa! Lakini watu walituma.

Kama umeshatuma, usingoje asubuhi. Ripoti muamala kwa huduma kwa wateja saa hiyo hiyo, kwa sababu kinachoweza kuzuiwa ni pesa ambazo bado ziko kwenye laini ya mpokeaji. Zikishatolewa kwa wakala, sisi tunabaki na kumbukumbu tu. Nenda kituo cha polisi uandikishe, upewe namba ya OB, na usifute meseji hata kama zinakuaibisha. Mjomba alikuwa amefuta nusu.

Kati ya 60,500, zilizokutwa kwenye laini zilikuwa za ule muamala wa mwisho, na hata hizo si zote. Wiki iliyopita akapata meseji nyingine, safari hii kutoka kwa "wakili" anayeweza kumrudishia pesa zote, akituma 4,000 za kufungua faili. Alinipigia kabla ya kutuma.