Si kila kifua kinachobana ni pumu

Mtu akihema kwa shida, kifua kikilia kama filimbi, wengi wetu hukata kauli papo hapo kuwa ana pumu. Hununuliwa dawa ya kuvuta, akaitumia kwa majuma, na hali ikawa ile ile. Msomaji, kabla hujanunua nyingine, jiulize: je, masikio yake yamewahi kufura?

Swali hili si mzaha. Kuna ugonjwa adimu ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia gegedu. Madaktari huuita polikondraitisi. Gegedu ndilo huyapa masikio na pua umbo, na ndilo huzuia kikoromeo na bomba la hewa visibonyee.

Mara nyingi dalili huanzia sikioni. Sikio hufura, hupata joto na kuuma, lakini ndewe husalimika kwa kuwa haina gegedu. Mgonjwa hupewa dawa za kuua bakteria, uvimbe ukatulia wenyewe, kisha ukarudi.

Hatari kubwa iko kooni. Takriban nusu ya wagonjwa huathiriwa njia ya hewa wakati mmoja au mwingine. Sauti hukwaruza, shingo huuma mbele ikiguswa, na kikohozi hakikomi. Hatimaye bomba la hewa huwa jembamba kwa uvimbe, au hulegea na kubonyea mtu anapotoa pumzi. Dawa ya pumu hulegeza misuli ya njia ya hewa. Haiwezi kulisimamisha gegedu lililoharibika.

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachothibitisha maradhi haya. Ndiyo maana nasema daktari anayeona pumu isiyosikia dawa hana budi kuchunguza masikio, pua na sauti, kisha aagize picha ya skani, mgonjwa akivuta na akitoa pumzi. Nawe usimfiche lolote, hata lile sikio lililouma mwaka jana likapona.

Ugonjwa ukijulikana mapema, steroidi na dawa nyingine za kutuliza kinga husaidia. Ukichelewa, huenda mgonjwa akatobolewa shingoni ili apumue.

Usiache dawa ya pumu bila ushauri. Lakini sauti ikikwaruza zaidi ya majuma matatu, muone daktari wa masikio, pua na koo. Na anayevuta pumzi kwa mlio mkali asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huo huo.