Mimba Zabibu: Jibu Lililotokana na Kazi ya Mwana wa Kisumu

Mimba inapoharibika, nyumbani huulizwa kwanza mama amefanya nini. Katika mimba zabibu swali hilo huwa zito zaidi, kwa kuwa kilichotoka si kijusi bali vifuko vya maji vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Wapo wanaosema amerogwa, na wapo wanaomshuku kuwa alikunywa dawa. Rai yangu ni kwamba mhudumu wa afya, awe Nyakatuntu, Nkwenda au Kayanga, anawajibika kumpa mama huyo na mumewe jibu la kisayansi kwa lugha wanayoielewa. Jibu hilo lipo.

Sehemu kubwa ya jibu imetokana na kazi ya mtu aliyezaliwa kando ya ziwa letu hili, upande wa Kenya. Profesa Azim Surani alizaliwa Kisumu mwaka 1945. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwa mwanafunzi wa Robert Edwards, mmoja wa waliofanikisha kuzaliwa kwa mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya tumbo la mama, mwaka 1978.

Surani alijiuliza swali linaloonekana jepesi: kwa nini mamalia hawezi kuzaliwa kutokana na jeni za mama peke yake? Akiwa na wenzake Sheila Barton na Michael Norris, alitumia mayai ya panya. Yai lililopewa seti mbili za jeni za mama lilianza kukua vizuri, lakini kondo la nyuma likadumaa. Lililopewa seti mbili za baba lilitoa tishu nyingi za kondo, lakini kiinitete kikadumaa. Hakuna aliyezaliwa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1984, na mwaka huohuo James McGrath na Davor Solter, nchini Marekani, walifikia hitimisho hilohilo. Mwaka 2018 Surani na Solter walitunukiwa kwa pamoja tuzo ya Gairdner ya Kanada.

Maana yake ni kwamba baadhi ya jeni hubeba chapa ya mzazi zilikotoka, kama ng'ombe abebavyo chapa ya mwenyewe. Chapa hiyo ni alama ya kikemikali. Haibadilishi jeni yenyewe, bali huamua iwake au izimwe. Jeni moja huwaka ikitoka kwa baba tu, nyingine ikitoka kwa mama tu. Katika miaka iliyofuata, Surani alichunguza jinsi chapa hizo zinavyofutwa katika chembe zinazozaa mayai na mbegu za kiume, kisha kupigwa upya kulingana na jinsia ya mwenye chembe hizo.

Sasa tuirudie mimba zabibu. Katika aina yake kamili, yai huwa limepoteza jeni za mama. Mbegu ya kiume huingia na kujinakili, au mara chache huingia mbegu mbili, hivyo jeni zote zikawa za baba. Tishu za kondo hukua kupita kiasi na mtoto hatokei. Jambo ambalo Surani alilitengeneza kwa panya maabara, huku hutokea lenyewe.

Basi mama hana kosa, na baba pia hana. Ni ajali ya wakati wa kutungwa kwa mimba. Hakuna chakula, kazi ya shamba wala ugomvi wa nyumbani uliofuta jeni za yai.

Maelezo haya yana kazi nyingine iliyo kubwa kuliko faraja. Tishu zilizozoea kukua bila kizuizi zinaweza kubaki baada ya kusafishwa kizazi, na nyingine hugeuka saratani. Ndiyo maana mama hupimwa homoni ya ujauzito mara kwa mara hadi irudi katika hali ya kawaida, na hushauriwa kutumia uzazi wa mpango katika kipindi hicho, ili mimba mpya isifiche dalili. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, karibu wagonjwa wote hupona kwa dawa. Na mama aliyepata mimba zabibu mara moja ana nafasi kubwa ya kuzaa salama. Hurudia kwa takriban mwanamke 1 kati ya 100.

Lakini mama aliyeambiwa amerogwa hataona sababu ya kurudi kupimwa. Atatafuta tiba kwingine, na atakapofikishwa Bugando, ng'ambo ya ziwa, ugonjwa utakuwa umeenea. Kwa hiyo, mhudumu mwenzangu, usimruhusu mama aondoke wodini na tarehe ya kurudi peke yake. Mketishe pamoja na mumewe, au na mama mkwe akiwepo, uwaeleze kwa nini anarudi. Nawe mama uliyepatwa na hali hii, una haki ya kuuliza, na una haki ya kujibiwa.